Kinoo cha Maji, Matumizi Yake na Utunzaji Wake

Kila mkulima ana kisu, na karibu kila mkulima ana jiwe la kukinolea. Lakini ni wachache sana wanaokumbuka kulitazama jiwe lenyewe. Jiwe hulala kando ya pipa la maji miaka mitatu au minne. Asubuhi mtu hulijia, hulimwagia maji kidogo, hupitisha kisu chake mara kumi, kisha huenda zake kazini. Kisu kisipokata vizuri, lawama hukiangukia kisu, au duka lililokiuza. Mimi nami nilikuwa mmoja wa watu hao, na kosa hilo lilinipotezea miche 49 ya maembe.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 2019, nikiwa karani kwa siku tano za juma na mkulima kwa siku mbili zilizobaki, nilikuwa na miche 60 ya maembe ya kienyeji niliyoiotesha katika mifuko nyumbani kwetu Makueni. Ilipofikia unene wa kalamu ya risasi, niliibebesha vikonyo vya embe liitwalo Apple, nilivyovikata katika mti wa jirani yangu. Jirani huyo alibebesha miche yake 60 siku ile ile, kwa vikonyo vya mti ule ule, akaifunga kwa utepe wa nailoni tulioununua pamoja. Baada ya majuma manne tulihesabu. Yake iliyoshika ilikuwa 52. Yangu ilikuwa 11.

Nilidhani mkono wangu ndio mbaya. Kisu sikukishuku hata kidogo, kwa maana nilikuwa nimekinoa mwenyewe juu ya jiwe zuri la maji nililolinunua Nairobi, na kilikuwa kikali kiasi cha kunyoa nywele za mkono. Siku moja fundi seremala, mzee wa makamo ya baba yangu, alikuja kutengeneza mlango wa ghala. Nikamweleza msiba wangu. Akakiomba kisu, akakiinua kuelekea mwanga, akafumba jicho moja, akatazama upande wake ulio bapa kwa muda mrefu. Kisha akasema:

“Bwana Karani, kalete na jiwe unalolinolea.”

“Mzee, jiwe halina neno. Shida, kama iko, iko kisuni.”

“Lilete tu.”

Nikalileta. Akatoa rula yake ya chuma mfukoni, akaisimamisha kwa ukingo juu ya jiwe, kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, akaniambia niiname nitazame. Chini ya rula, katikati ya jiwe, mwanga ulipita wazi kabisa. Sarafu ya shilingi ingeweza kupenyezwa hapo bila kugusa chuma. Jiwe langu lilikuwa limebonyea kama kiti cha mkeka wa zamani.

“Kisu chako hakikukosa makali,” akasema mzee. “Kilikosa unyofu.”

Ili maneno hayo yaeleweke, yafaa nieleze kidogo kazi ya kubebesha. Kikonyo hushikana na mche pale tu utando mwembamba ulio baina ya gome na mti wa kikonyo unapogusana na utando wa namna hiyo katika mche. Utando huo ni mwembamba mno. Nyuso mbili zilizokatwa hazina budi kulala pamoja kama karatasi mbili mezani, pasiwe na nafasi ya hewa katikati. Kwa sababu hiyo visu vingi vya kubebeshea vimenolewa upande mmoja tu: upande huo una mshazari, na upande wa pili ni bapa kabisa, ili kisu kipite katika kijiti kwa mstari ulionyoka. Sasa, ukilaza upande ule bapa juu ya jiwe lililobonyea na kuusugua, chuma hufuata umbo la jiwe: jiwe lina bonde, chuma kitapata mgongo. Kisu chenye mgongo hukata, tena hukata kwa wepesi, lakini uso kinaouacha si mnyofu. Ukizikutanisha nyuso mbili za namna hiyo, zagusana hapa na kuachana pale. Hewa huingia, kikonyo hukauka. Miche yangu 49 ilikufa kwa mwanya ambao jicho langu halikuuona.

Basi tulitazame jiwe hili, nalo ni kitu gani. Mawe ya kunolea ni ya namna nyingi. Yako yanayotumiwa kwa mafuta, kama yale magumu yachimbwayo Arkansas katika Marekani, na yako yanayotumiwa kwa maji. Haya ya maji yanayouzwa madukani siku hizi, mengi yafuata desturi ya Japani, ambako kunoa ni kazi ya heshima inayojitegemea. Katika mji wa Sakai, karibu na Osaka, unaosifika kwa visu tangu karne nyingi, fundi anayefua kisu si yeye anayekinoa, wala anayekinoa si yeye anayetia mpini. Kila mmoja ana kiwanda chake na kazi yake. Milima iliyo karibu na Kyoto ilitoa kwa karne nyingi mawe laini sana ya kumalizia makali, yaliyofanyika kwa mavumbi na mifupa midogo mno ya viumbe wa baharini iliyotua chini ya kilindi kabla ya wakati wa kuhesabika na kugeuka mwamba. Machimbo mengi ya huko yamefungwa, na jiwe zuri la asili lina bei ya kumtisha mkulima. Mawe tunayoyapata sisi hutengenezwa viwandani kwa chembe ngumu zilizoshikamanishwa, nayo yatosha kabisa.

Wajapani huyagawa mawe yao katika madaraja matatu: arato, yaani la kukwaruza, nakato, la kati, na shiageto, la kumalizia. Dukani utaona namba badala ya majina hayo. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo chembe zinavyokuwa ndogo. Jiwe la 220 ni la kukwaruza, hufaa kisu kilichomeguka. La 1000 ni la kazi ya kila siku. Chembe zake ni kiasi cha sehemu 12 hadi 15 za milimita iliyogawanywa mara elfu, na unywele wa mtu ni mnene kuliko hizo mara nne au tano. La 6000 au 8000 ni la kulainisha makali. Mimi nina jiwe moja lenye pande mbili, 1000 na 6000, na kwa visu vya nyumbani na vya kubebeshea sijahitaji lingine. Panga na jembe zisifikishwe hapo. Hizo tupa yazitosha, na jembe litaliharibu jiwe kwa siku moja.

Yafaa msomaji ajue ni kwa nini jiwe la maji hunoa upesi, kwa maana humo ndimo zimo faida yake na hasara yake pamoja. Chembe zake hazikushikamanishwa kwa nguvu sana. Kisu kinapopita, chembe zilizochakaa hung’oka na mpya zenye ncha hutokea chini yake. Zilizong’oka huchanganyika na maji zikawa tope, na tope hilo nalo hula chuma. Wengi wetu huliona tope hilo kuwa uchafu, wakalisuuza kila dakika. Si vyema, lazima libaki juu ya jiwe maadamu kazi inaendelea. Lakini jiwe linalojing’oa hivyo haliwezi kubaki kama lilivyokuwa. Linapungua, na linapungua zaidi pale kisu kinapopita zaidi, yaani katikati. Jiwe gumu la mafuta laweza kukaa miaka kabla ya kubonyea. La maji laweza kubonyea kwa majuma machache. Mwuzaji hakuniambia, nami sikuuliza.

Nitaeleza sasa jinsi mzee alivyonifundisha kunoa.

Kwanza jiwe huloweshwa. Upande wa 1000 wa jiwe langu hunywa maji kama sifongo. Huliacha katika beseni dakika 10 au 15, mpaka mapovu yakome kupanda. Upande wa laini hunyunyiziwa tu. Msomaji aisome karatasi inayokuja na jiwe, kwa kuwa yako mawe, hasa yaliyoshikamanishwa kwa magnesia, ambayo yakilala majini usiku kucha hulainika na kupasuka, na mengine yanahitaji maji ya juu tu. Jiwe likiisha kulowa, hulazwa juu ya kitambaa chenye maji kilichokunjwa, juu ya ubao au meza imara, lisiteleze. Nimeona watu wakinoa jiwe likiwa mkononi. Vidole vyao vina alama.

Kisu cha kubebeshea hulazwa kwa upande wa mshazari. Usikisie pembe, mshazari wenyewe utakuonyesha. Ulaze bapa, ubonyeze kidogo kwa vidole viwili karibu na makali, nawe utauhisi unakaa juu ya jiwe kama mguu wa meza sakafuni. Kisu cha jikoni, ambacho hunolewa pande zote mbili, kinahitaji kipimo, na kipimo rahisi ni hiki: inua mgongo wa kisu kutoka juu ya jiwe kwa kadiri ya robo ya upana wa bapa, upate pembe ya digrii zipatazo 15, ukiinua kwa theluthi ya upana, utapata kama 20. Kisu chenye upana wa sentimita 4 basi kitainuliwa sentimita 1 kwa nyama na mboga laini, na zaidi kidogo ya hapo kwa kazi ngumu. Pembe ndogo hutoa makali mazuri lakini hafifu.

Sukuma na kuvuta polepole, kwa urefu wote wa jiwe. Hapa mzee alinikaripia mara nyingi. Mimi nilikuwa na desturi ya kusugua katikati, kwa mwendo mfupi wa haraka, kama mtu anayefuta ubao wa shule. Yeye alitaka kila mkupuo ufike mwisho wa jiwe na kwenye pembe zake, na baada ya kila mikupuo ishirini hivi aligeuza jiwe, mwisho wa huku ukaja kule. Jiwe likitumiwa hivyo huisha kwa usawa, na kazi ya kulinyosha huwa nyepesi.

Baada ya muda utahisi kinyuzi cha chuma upande wa pili wa makali. Pitisha kidole gumba taratibu kutoka kwenye bapa kuelekea nje ya makali, kamwe usikipitishe kwa urefu wa makali. Kitakukwaruza kama ukucha uliomeguka. Kinyuzi hicho ni ishara kwamba chuma kimeisha mpaka ukingoni. Kikipatikana kutoka shina la kisu hadi ncha, acha. Kusugua zaidi ni kupoteza chuma. Ukikipata katikati tu bali si ncheni, endelea kwenye ncha peke yake. Kisha hamia upande wa 6000, rudia mshazari kwa mikupuo michache mepesi, ugeuze kisu na kulaza ule upande bapa juu ya jiwe, bapa kabisa, bila kuinua hata unene wa karatasi, uvute mara tano au sita. Kinyuzi kitaondoka. Ukanda wa ngozi wa kumalizia ukiwapo, vyema. Usipokuwapo, hakuna ulichokosa.

Watu hujaribu makali kwa kunyoa mkono au kukata karatasi ya gazeti (la juma lililopita, tafadhali). Kwa kisu cha kubebeshea jaribio hilo halitoshi, maana kisu changu kibovu kilinyoa. Mzee alikata kijiti cha mwembe kwa mshazari, mkupuo mmoja, akakata cha pili vivyo hivyo, akavikutanisha na kuvielekeza kwenye jua. Mwanga usipopita baina yake, kisu ni cha kazi. Tangu siku ile sijabebesha mche kabla ya kufanya jaribio hilo.

Sasa jiwe lenyewe. Kulinyosha si kazi ngumu, wala haihitaji chombo cha gharama. Chora mistari ya kalamu ya risasi juu ya jiwe, ya wima na ya mlalo, kama madirisha. Chukua kipande cha kioo kinene, au kigae cha sakafu kilicho sawa, ukilaze mahali imara, ukitie maji, uweke juu yake msasa wa maji, namba 120 au 220. (Msasa ni jina la mti ambao majani yake hukwaruza, na mafundi wa kale walisugulia mbao kwa hayo kabla ya karatasi kuja.) Sugua jiwe juu ya msasa kwa mizunguko, ukiligeuza mara kwa mara ili mkono usilielemee upande mmoja. Utaona mistari ya pembeni inafutika kwanza, na ya katikati inabaki. Iliyobaki ndiyo inayokuonyesha bonde. Siku ile mistari ya jiwe langu ilichukua karibu saa nzima kwisha, na maji yaliyotiririka yalikuwa mazito kama uji. Mistari yote ikifutika, jiwe limenyooka. Hakikisha kwa rula, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari kutoka pembe hadi pembe. Kisha pitisha msasa kidogo katika kingo za jiwe ili zisimeguke, ulioshe vizuri mno, kwa sababu chembe moja ya msasa ikibaki juu ya upande wa 6000 itakuchorea mfereji katika makali.

Wako wanaosugua mawe mawili pamoja na kuamini yamenyooka. Njia hii hudanganya. Mawe mawili yaweza kukubaliana, moja likiwa bakuli na jingine likiwa mgongo wa bakuli. Kwa kupata unyofu wa kweli bila kioo yatakiwa mawe matatu, yakisuguliwa mawili mawili kwa zamu. Ndiyo njia ambayo Joseph Whitworth, mhandisi wa Uingereza wa karne ya 19, aliieneza kwa kutengenezea sahani za chuma za kupimia. Sakafu ya saruji yaweza kufaa kwa kazi ya kwanza, ikiwa yenyewe si ya mabonde, na wajenzi wetu sina hakika nao.

Ni mara ngapi? Mzee hunyosha jiwe lake kila anapolitumia, kwa dakika moja, akisema dakika moja kila siku ni nafuu kuliko saa moja kila mwaka. Mimi, msimu wa kubebesha, hunyosha baada ya kunoa mara tatu au nne.

Kazi ikiisha, jiwe lioshwe, lisimamishwe kwa ubavu kivulini, hewa ilizunguke, siku moja au mbili, ndipo lirudi sandukuni. Likianikwa juani au kando ya jiko, upande wa nje hukauka kabla ya ndani na jiwe hupasuka. Likifungwa na unyevu katika mfuko wa nailoni, huota ukungu. Wasomaji wa Kinangop na Limuru wasiliache nje usiku likiwa limelowa wakati wa baridi ya jalidi, kwa kuwa maji yakiganda ndani yake hutanuka na kulivunja. Na mafuta yasiliguse hata tone: vijitundu vyake huziba, na jiwe halinywi maji tena. Uso wake ukigeuka mweusi na kuteleza, umejaa chuma. Usugue kwa kipande kidogo cha jiwe la namna yake mpaka tope lianze kutoka.

Nalo jiwe la kuzunguka, yaani cherehe, hasa lile la umeme lizungukalo bila maji, lisikutamanishe. Ni la haraka, hilo sikatai, lakini chuma hupata moto. Ukiona makali yamekuwa na rangi ya majani makavu, joto limekaribia digrii 220. Yakiwa ya samawati, yamefika kama 300, na ugumu wa chuma hapo umekwisha kupungua. Kisu kama hicho kitanoleka leo na kuwa butu kesho. Wanoaji wa baiskeli wapitao mitaani huzungusha kwa miguu, na mwenye hekima miongoni mwao hupitisha kisu upesi na kukichovya majini kila mara. Wa namna hiyo nampa kisu cha jikoni, cha kubebeshea simpi.

Kisu nacho kina haki yake. Utomvu wa mwembe hula chuma na kukitia madoa. Upanguse baada ya kila miche michache kwa kitambaa chenye spiriti, jambo ambalo pia huzuia ugonjwa kuhama kutoka mti hadi mti. Jioni kikaushwe na kupakwa mafuta ya kupikia kidogo, yafutwe kabla ya kunoa tena.

Msimu uliofuata nilibebesha miche 40, ikashika 33. Sisemi yote ni kazi ya jiwe, kwani mkono wangu nao ulikuwa umezoea zaidi, na mvua zilikuwa njema. Jirani yangu bado hunishinda. Hata hivyo nilipomkopesha rula ya chuma naye akaisimamisha juu ya jiwe lake, alikaa kimya kidogo, akaniuliza kioo kile nilikinunua wapi.

Jiwe la mzee limebaki unene wa vidole viwili baada ya miaka mingi, nalo lingali nyofu. La kabla ya hilo lilipokuwa jembamba mno alilivunja kwa nyundo vipande vinne: kimoja anasugulia uso wa jiwe jipya, kimoja alimpa mkewe kwa mundu wa kukatia nyasi za ng’ombe, na viwili alinipa mimi.